Sharubati ya rosela na maji ya mawaridi: kasoro zinazojitokeza, vyanzo vyake na namna ya kuzirekebisha

Kinywaji kinachozungumziwa hapa ni sharubati nyekundu ya rosela, ambayo sehemu nyingi za Tanzania huitwa choya, ikichanganywa na tunda, kwa kawaida nanasi au pesheni, na kumaliziwa kwa maji ya mawaridi. Wasudani huiita karkade na Wasenegali huiita bissap. Kuitia mawaridi na kuinywa ikiwa baridi katika joto la kaskazi, kati ya Desemba na Machi, kunaendana sana na ladha ya watu wa pwani, waliozoea mrashi, kile chombo cha kunyunyizia marashi, kupitishwa kwa wageni na harufu ya asmini nyumbani. Kwa kuwa haina kileo, hufaa kwa futari, kwa watoto na kwa shughuli yenye watu wa kila rika.

Kasoro nilizozikusanya ni zile ninazoulizwa mara kwa mara na ndugu, majirani na watu wanaoniita niwaandalie vinywaji kwenye shughuli. Nyingi hazitokani na ubaya wa viungo. Zinatokana na mpangilio: kitu kinachotaka moto kimetiwa kwenye baridi, na kitu kisichovumilia moto kimechemshwa. Ndiyo maana ni vema kuanza na kipimo kimoja cha kulinganishia.

Gramu 30 za rosela kavu, ambazo ni kama kikombe kimoja cha chai kilichojaa bila kushindiliwa, huoshwa haraka kwa maji baridi, kisha humiminiwa lita 1 ya maji yaliyochemka na kufunikwa kwa dakika 10 hadi 15. Maji hayo huchujwa kwa kitambaa cha melimeli, hutiwa sukari gramu 100 yakiwa bado ya moto ili iyeyuke, kisha huachwa yapoe kabisa. Baada ya hapo huongezwa mililita 250 za juisi ya nanasi iliyochujwa, au maji ya pesheni nne, pamoja na maji ya ndimu moja. Maji ya mawaridi, kijiko 1 cha chai, huingia mwisho, kinywaji kikiwa kimekwisha kupata baridi.

Rangi imekuwa ya zambarau, ya bluu au ya udongo

Rosela iliyo sawa hutoa rangi ya damu ya mzee ikiwa nzito, na wekundu wa kung'aa ikizimuliwa. Rangi hiyo inatokana na kemikali za mimea ziitwazo anthosianini, ambazo hubaki nyekundu palipo na uchachu na huelekea zambarau, kisha bluu, kadiri uchachu unavyopungua. Kwa hiyo uchunguzi wa kwanza hauhitaji kifaa chochote. Chota kinywaji kidogo kwenye bilauri, kamulia matone machache ya ndimu, koroga, kisha kitazame kwenye mwanga wa mchana.

Wekundu ukirudi papo hapo, sababu inayoongoza ni maji. Visima vingi vya Unguja na vya mwambao vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake hubeba chokaa inayopunguza uchachu. Dalili yake nyingine ni utando mweupe unaoganda ndani ya birika. Ongeza ndimu kidogo kidogo hadi rangi itulie, na safari ijayo utumie maji ya mvua au ya chupa. Sababu inayofuata ni magadi au soda ya kuokea iliyobaki kwenye chombo. Niliwahi kuharibu lita 10 za futari kwa sufuria iliyopikiwa maharage ya magadi siku moja kabla. Ilikuwa imeoshwa kwa sabuni, lakini haikusuguliwa kwa ndimu, na utando uliobaki chini ulitosha kugeuza rangi yote. Tangu hapo chombo cha rosela kwangu hakipikiwi kitu kingine.

Rangi ikibaki na kivuli cha zambarau hata baada ya kutia ndimu, na ulimi ukihisi ladha ya chuma, litazame sufuria lenyewe. Sufuria nyingi za majumbani kwetu ni za alumini, na uchachu wa rosela huila alumini polepole, hasa kinywaji kikilala humo usiku kucha. Chuma kisicho na kinga huifanya rangi kuwa nyeusi zaidi. Hapa marekebisho ya ladha hayafanikiwi kikamilifu, hivyo ni afadhali kutengeneza upya kwa sufuria la stili, la enameli isiyobanduka, au bakuli la kioo linalovumilia moto.

Rangi ya udongo au ya kahawia ambayo ndimu haiigusi kabisa ina maana kwamba anthosianini zimekwisha kuharibika. Mara nyingi rosela yenyewe ilikaa sana dukani au ilianikwa juani kwa muda mrefu kupita kiasi. Pengine kinywaji kimechemshwa sana, au chupa imewekwa dirishani. Hali hii haina tiba, ingawa kinywaji chenyewe hakina madhara ikiwa harufu na ladha bado ni safi.

Kinywaji kina ukakasi au uchungu

Mambo haya mawili hayafanani, na kuyachanganya humfanya mtu aongeze sukari mahali ambapo sukari haisaidii. Ukakasi ni ile hali ya ulimi na ufizi kukauka na kushikwa, kama baada ya kula bibo. Uchungu ni ladha, nao hubaki baada ya kumeza.

Ukakasi karibu kila mara hutokana na rosela kuchemshwa jikoni badala ya kumiminiwa maji ya moto, au kuachwa ndani ya maji hayo kwa saa nzima. Tanini, yaani kemikali za mimea zinazoleta ukakasi, hutoka taratibu kuliko rangi na uchachu, kwa hiyo dakika 15 za mwanzo hukupa karibu kila unachokitaka, na muda unaozidi hapo huongeza zaidi kile usichokitaka. Kukamua kitambaa kwa nguvu wakati wa kuchuja huleta matokeo yaleyale. Zimua kwa maji baridi na uongeze juisi ya nanasi, ambayo utamu wake hulainisha kinywa vizuri kuliko sukari tupu. Mwenye muda na ajaribu kuloweka rosela kwenye maji yaliyochemshwa na kupozwa, ndani ya friji, kwa saa 8 hadi 12. Sharubati inayopatikana kwa njia hiyo ni laini mno, na kwa maoni yangu ndiyo inayoyafaa zaidi mawaridi, ingawa rangi yake hupungua kidogo.

Uchungu una washukiwa wengine. Wa kwanza ni mbegu za pesheni zilizosagwa na blenda. Pesheni hukorogwa kwa kijiko juu ya chujio, au husukwa kwenye blenda kwa sekunde mbili tatu tu ili nyama iachane na mbegu bila mbegu kupasuka. Wa pili ni ndimu iliyosagwa pamoja na ganda na mbegu zake. Uchungu wake huzidi kadiri saa zinavyopita, ndiyo maana kinywaji kilichokuwa kizuri asubuhi hulalamikiwa jioni. Wa tatu ni asmini zilizoachwa ndani ya maji hadi zikawa kahawia. Karafuu inayozidi chembe mbili kwa lita pia huacha uchungu pamoja na ganzi ya ulimi. Uchungu uliokwisha kuingia hauondoki, unaweza tu kuzimuliwa.

Harufu ya ua imepotea

Hili ndilo lalamiko linaloniuma zaidi, kwa sababu mtu amenunua maji ya mawaridi mazuri, kisha akayapeleka hewani pamoja na mvuke. Chembe zinazobeba harufu ya waridi ni nyepesi na hurushwa na joto. Jiko likinukia mawaridi wakati unapika, ujue kwamba harufu imeondoka kwenye bilauri. Subiri kinywaji kipoe, utie kijiko kingine cha chai, koroga na ukifunike.

Ikiwa uliyatia kwenye baridi na bado hayanukii, fungua chupa na uinuse. Maji ya mawaridi yaliyofunguliwa na kukaa miezi kwenye kabati lililo karibu na jiko hufifia. Kisha angalia viungo vingine, kwani karafuu na tangawizi hulifunika waridi kabisa, ilhali hiliki, punje mbili zilizopondwa kwa lita moja, hukaa nalo bila ugomvi. Mwisho kumbuka kwamba baridi hupunguza harufu na utamu pia, hivyo kinywaji hupimwa kwa kuonjwa kikiwa katika baridi ileile kitakayonywewa nayo.

Kwa anayetumia asmini mbichi, wakati ndio huamua kila kitu. Asmini hufunguka usiku, na hapo ndipo harufu yake hutoka kwa wingi. Chuma maua jioni yakiwa karibu kufunguka, kutoka mti usiopuliziwa dawa, yaoshe taratibu, uondoe vikonyo vya kijani, kisha uyaweke yaelee juu ya maji safi ya baridi kwenye bakuli lililofunikwa na uyatoe alfajiri. Maji hayo ndiyo utakayozimulia sharubati. Usitumie maua ya kikuba, yaani kishada cha maua ya kujipamba, kilichonunuliwa tayari, kwa kuwa vikuba aghalabu hutiwa marashi na manukato mengine ambayo hayakukusudiwa kuingia tumboni.

Ladha ni ya sabuni, ya manukato au ya moshi

Ladha ya sabuni kwa kawaida ni wingi tu. Kati ya kijiko kimoja cha chai na vitatu kwa lita kuna umbali mkubwa kuliko watu wanavyodhani, na chupa haziko sawa kwa ukali. Ongeza sharubati isiyo na waridi hadi harufu irudi nyuma ya tunda. Ikiwa hata matone machache yanaleta ladha ya manukato, huenda chupa ina arki, yaani kiini cha harufu, ya kutengenezwa kiwandani na si maji ya mawaridi yaliyokenekwa, yaani yaliyopatikana kwa kupoza mvuke wa maua. Arki ni kali mno, hutiwa kwa tone, na baadhi yake huyeyushwa kwenye spiriti, jambo ambalo mwenye wageni wasiotumia kileo kabisa anapaswa kulikagua kwenye lebo kabla ya kuwaandalia.

Jambo la tatu linahitaji uangalifu mkubwa. Chupa nyingi za mawaridi zinazouzwa madukani ni za kupaka usoni. Maji ya kula huandikwa kwamba ni ya chakula, na viungo vyake ni maji na waridi tu. Ukiona gliserini, vihifadhi vya vipodozi, au maneno ya kwamba ni kwa matumizi ya nje, mwaga kinywaji chote. Usijaribu kukizimua.

Ladha ya moshi, kwa upande mwingine, si lazima iwe kasoro. Maji ya mawaridi ya Jabal Akhdar, nchini Oman, ambako maua huvunwa wakati wa majira ya kuchipua, hukenekwa kwa njia ya asili kwenye majiko ya udongo, na hutoka yakiwa na rangi hafifu ya kahawia na harufu ya moshi inayopendwa sana na wenyewe. Ndugu anayerudi kutoka Maskati anaweza kukuletea chupa hiyo, nawe ukadhani imeungua. Itie nusu ya kipimo, uambatanishe na nanasi badala ya pesheni, na utaona jinsi moshi na utamu wa nanasi vinavyopatana.

Kinywaji kinateleza na kuvuta

Rosela ni ya jamii moja na bamia, kwa hiyo utelezi mdogo ni wa asili yake, nao huongezeka inapochemshwa muda mrefu au inapotumiwa mbichi ikiwa na kibumba cha mbegu ndani. Swali la kujiuliza ni moja: utelezi umeanza lini? Kama ulikuwepo tangu siku ya kwanza, chuja tena kwa kitambaa kizito na uzimue. Kama kinywaji kilikuwa chepesi, kisha siku ya pili au ya tatu kikaanza kuvuta nyuzi kama mlenda, hao ni bakteria. Kimwage, na uchemshe chombo na chupa.

Mashapo, povu, na ulimi unaowasha

Chembechembe za tunda zinazotulia chini si uharibifu, na kutikisa chupa kunatosha. Mchanga ni jambo jingine: rosela nyingi huanikwa chini, hivyo ioshe haraka kwenye chujio, bila kuiloweka, maana rangi huanza kutoka mara moja. Ukiona kuvu jeupe au la kijani kwenye rosela kavu, usilioshe ili kuendelea, itupe yote. Povu jingi la nanasi mara tu baada ya kusaga ni hewa ya blenda, na hutulia ndani ya nusu saa. Ulimi unaowasha unasababishwa na kimeng'enya cha nanasi kiitwacho bromelaini. Pasha juisi hiyo hadi itokote kidogo, ipoze, ndipo uichanganye. Waliotia maziwa wakaona yamekatika wajue kwamba hivyo ndivyo uchachu unavyoyafanya, na hakuna kipimo cha maziwa kitakachokwepa hilo.

Kinakuwa maji maji kabla wageni hawajamaliza

Barafu ndiyo chanzo. Tengeneza rosela nzito, gramu 45 kwa lita, ikiwa utajaza barafu kwenye bilauri, au gandisha sharubati yenyewe kwenye vibao vya barafu. Sukari isiyoyeyuka nayo hukaa chini na kuwafanya wa kwanza wanywe chachu na wa mwisho wanywe shira. Kwa kinywaji kilichokwisha kupoa, ongeza shira ya sukari na maji kwa kiasi sawa, wala si sukari kavu.

Kinatoa gesi, kinanukia hamira, au chupa imevimba

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kinywaji kilichoahidiwa kuwa hakina kileo kinapoanza kuchacha huwa kinavunja ahadi hiyo. Hamira za asili zipo kwenye maganda ya matunda na hewani. Zikipata sukari na joto la nyuzi 30, hufanya kazi usiku mmoja, zikitoa gesi na kileo. Dalili ni vipovu vinavyopanda bila chupa kutikiswa, mlio wakati wa kufungua, harufu ya mkate mbichi au ya togwa lililokomaa, na utamu uliopungua bila sababu.

Chanzo kikubwa ni kinywaji kuachwa nje ya friji tangu jioni. Kinachofuata ni tabia ya kuongeza sharubati mpya juu ya masalia ya jana, hivyo kuzirithisha hamira chakula kipya. Kisha kuna chupa zilizooshwa bila kusuuzwa kwa maji ya moto, na maganda ya nanasi au vipande vya tunda vilivyoachwa vielee ndani. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, friji yenyewe huwa mshukiwa.

Kinywaji kilichochacha hakirekebishwi. Kukichemsha hakuondoi kileo chote, na anayekiepuka kwa sababu ya dini, dawa au afya hawezi kupewa kinywaji hicho kwa moyo safi. Kimwage. Kwa kuzuia, weka rosela iliyotiwa sukari peke yake na juisi ya tunda peke yake, zote kwenye nyuzi zisizozidi 5, uchanganye siku ya kunywa, na mchanganyiko usipite siku 3.

Chupa ya kioo iliyojaa gesi inaweza kupasuka mkononi. Iache kwanza ipate baridi kwenye friji ili msukumo upungue, ifunike kwa taulo nene, elekeza mdomo wake mbali na uso, na uifungue kidogo kidogo nje ya nyumba, watoto wakiwa mbali. Ikiwa tayari ina ufa, usiishike kabisa.

Anayetaka kuuza sharubati hii kwenye chupa amefika mahali ambapo mwongozo wa jikoni hautoshi. Muda wa kukaa sokoni na joto la kuua vijidudu hupimwa na wataalamu. Tanzania Bara aende TBS, Shirika la Viwango Tanzania, inayosimamia usalama wa chakula tangu 2019, na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, hutoa mafunzo ya usindikaji kwa wajasiriamali wadogo. Zanzibar aende kwa Wakala wa Chakula na Dawa. Kenya aende KEBS, shirika la viwango la huko.

Mtu ameumwa baada ya kunywa

Acha kurekebisha kinywaji, na kwanza wazuie wengine wasiendelee kukinywa. Sababu ya kawaida ni maji au barafu ambayo haikutokana na maji yaliyochemshwa. Uchachu wa rosela hautoshi kuyasafisha. Kuharisha kidogo kunahitaji maji ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini. Kuharisha mfululizo kunakofanana na maji ya mchele, homa kali, damu kwenye choo, au mtoto aliyelegea ni mambo ya kituo cha afya saa hiyohiyo.

Watu kadhaa wakitapika muda mfupi baada ya kunywa, uliza kinywaji kiliwekwa wapi. Ndoo ya bati huachia zinki kwenye kinywaji kichachu, majagi ya shaba huachia shaba, na vyungu vya mapambo vyenye rangi ya kung'aa vinaweza kuwa na madini ya risasi. Vyombo hivi visitumike hata kwa saa moja, na waliougua wapelekwe hospitali wakieleza aina ya chombo.

Maua yaliyotiwa kwa ajili ya pambo nayo yachunguzwe. Oleanda ya waridi inayopandwa kando ya barabara na kwenye nyua nyingi huathiri moyo na inaweza kuua, na mnanaha (datura, si mnanaa wa chai) huleta kuchanganyikiwa na mapigo ya moyo ya kasi. Mawaridi ya duka la maua, yawe ya Naivasha nchini Kenya au ya kwingineko, hukuzwa kwa ajili ya macho na hupuliziwa viuatilifu visivyokusudiwa chakula. Anayetumia dawa za shinikizo la damu na mjamzito wamuulize daktari kabla ya kuifanya rosela kuwa kinywaji cha kila siku, kwani inaweza kushusha shinikizo.

Kwa aliyekunywa marashi ya kujipaka au ua asilolijua, usimlazimishe kutapika na usimpe maziwa ukidhani yatazimua sumu. Mpeleke kituo cha afya mara moja, ukiwa umebeba chupa yenyewe au tawi la ua hilo, ili mhudumu aone alichokunywa.